Timu Iliyoitwa Laini

Kila Alhamisi jarida dogo la Waayalandi wa Washington na vitongoji vyake lilikuwa likiachwa kwa mafungu kwenye milango ya baa na makanisa, na katika majira yale ya joto ya mwaka 1999 hakukuwa na safu iliyosomwa kwa hamu kama ya Donal Hegarty. Hegarty alikuwa ameichezea klabu ya Patuxent miaka kumi na mmoja, enzi za ujana wake, na kustaafu hakukumfunga mdomo. Alhamisi ya pili ya Agosti aliandika hivi:

"Patuxent ya leo ina mama wa Kiafrika mwenye mkoba wa barafu. Mchezaji akikwaruzwa tu, mama huyo anaingia uwanjani mbio, anamshika mkono, anamtoa. Sisi tulifunga vichwa vyetu vitambaa tukarudi kucheza. Timu hii imekuwa laini. Imekuwa laini kama siagi iliyosahauliwa juani, na ndiyo maana kombe limekwenda Baltimore."

Mama huyo alikuwa Vaileth Mwaijande. Aliisoma safu hiyo akiwa amesimama kwenye maegesho ya nyumba ya wazee alikofanya kazi, pale Laurel, sare ya kazi ikiwa mwilini. Akairudia. Halafu akalikunja jarida mara nne, akalitia mfukoni, akaingia ndani kumwogesha mzee wa chumba namba kumi na mbili. Wenzake walioizoea sauti yake ya kuimba korido nzima hawakuisikia siku ile.

Vaileth alizaliwa Tukuyu, kwenye vilima vya chai na mvua isiyojua likizo. Alisomea uuguzi Mbeya, akafanya kazi wodi ya majeruhi miaka kumi na mitatu, kisha mwaka 1994 akaja Marekani kwa mwaliko wa shangazi yake. Huku vyeti vyake havikumsaidia kitu bila mitihani mipya, naye hakuwa na muda wa kuisomea. Akawa msaidizi wa wazee: kuogesha, kulisha, kugeuza kitandani. Yeye aliyewahi kushona vichwa vilivyopasuka kwa ajali za malori sasa alikuwa akikata kucha. Hakulalamika sana. Kazi ni kazi, alikuwa akisema, na ukucha wa mtu usiokatwa nao ni ugonjwa.

Aliyempeleka uwanjani mara ya kwanza ni mzee Tierney, fundi wa mabasi mstaafu, Muayalandi, ambaye kiharusi kilikuwa kimemchukulia mkono wa kulia na maneno karibu yote. Binti wa mzee aliomba baba yake apelekwe Jumapili mchana kuangalia hurling, mchezo wa kwao, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya shule moja ya Kikatoliki. Vaileth alikubali, akisukuma kiti cha magurudumu bila kujua anakwenda kuona nini.

Alidhani ni ugomvi. Wanaume ishirini na sita, kila mmoja na gongo la mti lenye ncha bapa, wanakimbiliana na kugongana mabega, na kampira kagumu ka ngozi kanapita angani kama kametoka kwenye kombeo. Karibu wote walikuwa vichwa wazi. Vaileth akaanza kukigeuza kiti ili amwokoe mzee wake. Mzee Tierney, ambaye kwa miezi minne hakuwa amesema zaidi ya "ndiyo" na "maji", akaishika breki kwa mkono wake mzima na kupaza sauti kwa mchezaji aliyekuwa karibu: "Piga huo mpira, mjinga wewe."

Vaileth akaketi kwenye nyasi. Kama kulikuwa na kitu cha kumrudishia mtu ulimi, na yeye alitaka kukiona.

Alikiona msimu mzima wa 1997. Alijifunza kwamba mpira ukipita juu ya mwamba wa goli ni pointi moja, na ukiingia wavuni ni tatu. Alijifunza majina, na hasira za kila mmoja, na nani hapendi kutoa pasi. Mzee Tierney alifariki Februari iliyofuata. Jumapili ya kwanza ya Aprili, Vaileth alitoka kanisani, akawasha gari, na akili yake ilipotulia alijikuta kwenye kiwanja kile, peke yake, bila kiti cha kusukuma. Nahodha wa timu alimwuliza kama, kwa kuwa ni mtu wa hospitali, angewashikia mkoba wa huduma ya kwanza. Vaileth alijibu kwamba yeye ni shabiki na hakuja kutafuta kazi nyingine. Halafu akauchukua mkoba, akaufungua, akaona plasta tatu na chupa ya dawa iliyokwisha muda, akasema, "Nyie watu mnataka kufa."

Tangu siku hiyo mkoba ukawa wake.

Na sasa ile fainali. Jumapili ya kwanza ya Agosti Patuxent walikutana na timu moja kutoka Baltimore. Kipindi cha pili, Patuxent wakiwa mbele kwa pointi mbili, mfungaji wao Kieran Boyle, fundi seremala wa miaka ishirini na mitatu, alirukia mpira pamoja na beki, na gongo la beki likamshukia kwenye panja. Haikuwa makusudi. Kieran alianguka, akainuka, akacheka. Vaileth alikuwa ameshamfikia.

"Mnacheza na nani leo?" alimwuliza.

Kieran akamtajia shule moja ya kijijini kwao, ng'ambo ya bahari.

"Nani anaongoza?"

"Sijui. Niache nicheze, Vaileth."

Alimshika jezi kwa mikono miwili. Kocha alipiga kelele kutoka pembeni kwamba kijana yuko sawa, amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Refa alikuwa akitazama saa. "Huyu hachezi," alisema Vaileth, na hakuiachia ile jezi mpaka Kieran alipovuka mstari. Hapo pembeni kijana akatapika kwenye ndoo ya barafu. Dakika kumi na tano baadaye Patuxent walishindwa kwa pointi moja.

Hivyo Hegarty alipoandika, hakuandika kuhusu jambo la kubuni. Na hilo ndilo lililomchoma Vaileth zaidi.

Jumamosi adhuhuri, zamu ya asubuhi ilipokwisha, alikwenda na mwenzake Awino, Mkenya wa Siaya waliyefanya kazi naye, kwenye baa ambako mashabiki wa Patuxent walikutana. Mpishi wa baa ile alikuwa Peterson, kijana wa Kakamega, ambaye kwa miaka miwili alikuwa hajakosa mechi hata moja. Wateja walikuwa hawajajaa. Peterson alitoka jikoni na sahani ya viazi vya kukaanga, akaiweka mezani, akafuta mikono kwa aproni.

"Umesoma?" aliuliza Awino.

"Hapa hakuna mtu hajasoma. Hata yule Mkongo wetu wa kuosha vyombo ameniambia nimsomee."

"Na unasemaje?"

Peterson akavuta kiti. "Dada Vaileth, mimi nakuheshimu, wajua. Lakini huyo mzee hajadanganya. Tulikuwa tunalead na pointi mbili. Kieran akatoka, game ikaenda. Hiyo ni hesabu tu."

"Kwa hiyo na wewe unasema ni laini," alisema Vaileth.

"Nasema imekuwa soft kiasi, manze. Siku hizi mtu akiguswa anaangalia pembeni kuona kama unakuja."

"Nani huyo aliyeangalia? Mtaje."

Peterson akaanza kufuta tena mikono iliyokuwa mikavu.

"Na wewe juzi ulijikata na kisu hapo jikoni ukaitisha ambulansi," Awino alisema, akichukua kiazi.

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti gani? Damu yako ina cheo?"

Kaunta nzima ilikuwa kwenye mjadala huohuo kwa Kiingereza. Wazee wawili waliokuwa wakinywa pamoja kila Jumamosi walikuwa wamepeana migongo, mmoja upande wa Hegarty, mwingine upande wa timu. Mtu mmoja alimwinulia Vaileth bilauri kwa heshima. Mwingine alijifanya anasoma orodha ya vyakula ambayo alikuwa anaijua kwa kichwa.

Peterson hakutaka kushindwa. "Sikiza, dada. Kwetu Kakamega fahali wakipigana, hakuna mtu anaingia katikati na barafu."

"Fahali akiumia kichwa hakuna anayemlisha kwa kijiko," Vaileth alimjibu. "Anachinjwa."

Vaileth akaisogeza sahani pembeni. Miaka mitano alikuwa amefanya kazi na Awino, na hili hakuwa amemwambia.

"Nina kaka yangu anaitwa Bupe. Mwaka sabini na moja alikuwa golikipa wa shule yetu. Mechi ya mwisho ya mwaka aliruka akagonga nguzo ya goli kwa kichwa. Akainuka, anayumba. Mwalimu akamwambia, jikaze. Shule nzima ikaanza kuimba, jikaze, Bupe, jikaze. Na mimi niliimba. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nilikuwa na sauti kubwa kuliko wote. Akajikaza. Akadaka penalti. Tukambeba mabegani mpaka bwenini. Kesho yake hakuamka."

"Alikufa?" Peterson aliuliza kwa sauti ya chini.

"Aliamka siku ya tisa. Sasa ana miaka arobaini na mitano. Kila asubuhi anamwuliza mama, leo ni siku gani. Mama anamwambia. Saa nne anauliza tena. Anapalilia chai vizuri sana, hana ubaya na mtu. Nikipiga simu anafurahi, ananiuliza nitafunga shule lini."

Awino aliweka mkono wake juu ya mkono wa mwenzake. Peterson aliangalia viazi vilivyokuwa vikipoa.

"Pole sana, dada," alisema mwishowe. "Lakini Kieran si Bupe."

"Si Bupe. Ndiyo maana nilimtoa akiwa bado si Bupe."

Peterson aliitwa jikoni, akaondoka. Hakuwa amekubali, Vaileth aliliona hilo mgongoni mwake.

Shida yenyewe haikuwa imekwisha, kwa sababu Patuxent walikuwa na nafasi moja iliyobaki. Jumapili ya wiki iliyofuata wangecheza mechi ya mchujo na timu kutoka Philadelphia, na mshindi angekwenda kwenye mashindano ya nchi nzima. Hegarty na watu wake walitaka Kieran acheze. Kieran mwenyewe alikuwa akisema yuko tayari. Jumanne jioni klabu ikaitisha mkutano kwenye chumba cha juu cha baa, kuamua nani mwenye neno la mwisho mchezaji akiumia: yeye mwenyewe, kocha, au mwenye mkoba.

Chumba kilijaa. Mwenyekiti, mwalimu wa hesabu aitwaye Nuala Breen, alimpa Hegarty nafasi ya kwanza. Hegarty alikuwa mtu mpana, mwenye pua iliyovunjika mara mbili na macho ya ucheshi. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa akipanga viti kabla ya kila mkutano na kuvirudisha baadaye. Alisema anampenda kila kijana wa timu ile kama mwanawe, na kwamba ni upendo uliomfanya aandike. "Fainali ya sabini na tisa," alisema, "nilipasuliwa hapa." Akaonyesha kovu lililopita kwenye nywele. "Nikafunga kitambaa, nikarudi, nikafunga magoli mawili. Hakuna aliyeniuliza leo ni siku gani."

Meza zikagongwa kwa ngumi. Vaileth akanyoosha mkono.

Mwenyekiti alisita. "Vaileth, samahani, kwa utaratibu wanaozungumza ni wanachama."

Kweli, hakuwa mwanachama. Misimu yote ile hakuna aliyefikiria kumwandikisha. Vaileth akasimama hata hivyo. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mfupi, na akisimama alikuwa na tabia ya kupanua miguu kama mtu anayetaka kuinua mgonjwa.

"Mimi ni shabiki," alisema. "Nimekaa kwenye nyasi zenu mvua na jua. Kama shabiki haruhusiwi kusema, basi nusu ya watu wa chumba hiki nao wanyamaze, kwa sababu hawajanyamaza tangu saa kumi na moja."

Watu wakacheka, na mwenyekiti akamwashiria aendelee.

"Nina swali moja kwa Bwana Hegarty. Hayo magoli mawili, uliyafungaje?"

"Vipi?"

"Uliyafungaje. Kwa mkono gani, kutoka upande gani. Mimi goli la kwanza nililoona kwenye kiwanja kile naweza kukuchorea."

Hegarty alijikuna kovu. "Ni miaka ishirini, mama."

"Na kipindi cha kwanza, kabla hujapigwa, hukufunga?"

"Ah, nilifunga moja. Pasi ilitoka kulia, nikaidaka kwa mkono wa kushoto, nikamzunguka beki mmoja mwenye nywele nyekundu, nikapiga chini." Alieleza haraka, kwa furaha, kisha akanyamaza ghafla, kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe.

Kutoka pembeni alizungumza mzee aitwaye Sean Lally, golikipa wa timu ileile ya sabini na tisa. Alizungumza akiangalia sakafu. "Donal, yale magoli tulikwambia sisi. Ulifunga, ndiyo. Lakini kwenye basi ulituuliza mara nne kama tumeshinda. Kila ukiuliza tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote."

Hegarty alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni, lakini hakuwa mtu wa kukimbia. "Niliuliza, sawa," alisema. "Na bado nipo hapa."

"Upo, na namshukuru Mungu," Vaileth alisema. "Wapo wasiokuwepo, na hao hawaandiki safu gazetini. Umeiita timu hii laini. Mimi nimewaona wakicheza na vidole vilivyoteguka, magoti yamevimba kama maboga, na Jumatatu asubuhi wako juu ya mapaa ya watu wakipiga misumari. Nakataa. Kieran hakuogopa siku ile. Alitaka kurudi, na ilibidi nimshike kwa nguvu zangu zote. Kama unataka kumwita mtu laini, niite mimi. Tuone kama nitayeyuka."

Baadhi walipiga makofi. Baadhi walikunja mikono. Kamati ya watu watano ilipiga kura pale pale, na watatu kwa wawili wakaamua kwamba mchezaji ajiamulie mwenyewe.

Vaileth alikuwa ameshindwa. Akachukua mkoba wake wa bega, na alipofika mlangoni akageuka. "Kura yenu nimeisikia. Jumapili nitakuwepo. Mtu akipigwa kichwani nitaingia, na akinijibu hovyo nitamtoa. Mkitaka kunizuia mtanibeba, na mtahitaji watu wanne."

"Huyu mama ni mkaidi kuliko beki yeyote tuliye naye," alisema Hegarty.

"Hilo ndilo neno lako la kwanza la kweli wiki hii," alimjibu, akashuka ngazi.

Siku nne zile hakulala vizuri. Hakuogopa watu, aliogopa kijana. Angeweza kumshika jezi mara moja, lakini mtu mzima aliyepewa ruhusa na kamati utamshika mara ngapi?

Jumapili jua lilikuwa kali. Timu ilikuwa imeanza kupasha moto misuli Kieran alipotokea kutoka maegesho, amevaa suruali yake ya kazi yenye vumbi la mbao. Hakuwa na gongo. Alimpa nahodha jezi yake, wakaongea kidogo, kisha akaja akaketi kwenye nyasi kati ya Vaileth na Awino.

"Ijumaa nilipima ubao mmoja mara tatu," alisema, "nikapata vipimo vitatu. Tangu nina miaka kumi na minne sijawahi kukosea ubao."

Vaileth alivua kofia yake ya jua akamvika.

"Usiniambie ulikuwa sahihi," Kieran alisema.

"Sikuambii. Tazama mpira."

Kulikuwa na mpira wa kutazama. Watu wa Philadelphia walikuwa wakubwa na wepesi, na Patuxent bila mfungaji wao walilazimika kupigania kila hatua ya nyasi. Peterson, aliyekuja akiwa amenuna, alikuwa wima dakika ya tano. Katikati ya kipindi cha kwanza beki wa Patuxent aitwaye Brendan alikuja pembeni, uso mweupe, kidole cha kati kimegeukia upande usio wake. Mashabiki wakaguna. Hegarty, mita chache kutoka pale, alimtazama Vaileth kama mtu anayengoja kuthibitishiwa.

Vaileth alikishika kidole, akamwambia Brendan atazame mnara wa kanisa, akakivuta. Kikatoa mlio, kikarudi mahali pake. Akakifunga pamoja na jirani yake kwa plasta ngumu, mizunguko sita.

"Vipi, nitoke?" Brendan aliuliza akitoa machozi.

"Hiki ni kidole. Kidole hakikumbuki jina la mama yako. Rudi ukacheze."

Brendan akarudi, na mpira wa kwanza uliomjia aliudaka kwa mkono uleule. Awino alicheka mpaka akashika mbavu. Peterson aligeuka akamtazama Vaileth muda mrefu, kana kwamba alikuwa akimwona mtu huyo kwa mara ya kwanza.

Walipigana hivyo mpaka dakika ya mwisho. Walikuwa nyuma kwa pointi tano, wakarudisha nne, na mpira wao wa mwisho ukagonga nguzo na kutoka. Walishindwa kwa pointi moja tena. Wachezaji walilala kwenye nyasi pale pale walipokuwa, na wawili walikuwa wakilia waziwazi.

Nyuma ya kamba mwanamume mmoja akasema kwa sauti, "Laini. Hegarty alisema."

Vaileth aligeuka, lakini Peterson alikuwa ameshafika. "Nani amesema laini?" aliuliza, kwa Kiingereza kilichojaa Kakamega. "Ingia hapo ndani uchukue gongo. Nitakushikia koti." Yule mtu akasema alikuwa anatania. Peterson akasema yeye hataniwi, na akabaki amesimama pale mpaka mtu yule alipokwenda zake.

Wakati wa kukusanya chupa za maji alimjia Vaileth. "Sijakubaliana na wewe, dada. Kieran angekuwa ndani, ile ya mwisho ingeingia."

"Najua."

"Lakini hawa si soft. Hiyo neno nimeondoa."

"Hiyo inanitosha," alisema Vaileth.

Alhamisi Hegarty aliandika tena. Hakutaja kidole cha Brendan. Alisema bingwa hawekwi kwenye nyasi na kofia ya jua ya mwanamke. Safari hii Vaileth hakuikunja karatasi. Siku yake ya mapumziko alikaa na Awino mbele ya kompyuta ya maktaba ya Laurel, yeye akitamka, Awino akichapa kwa vidole viwili, na barua ikatoka hivi: kwamba yeye ni shabiki wa Patuxent na atabaki kuwa shabiki, kwamba timu iliyofungwa mara mbili kwa pointi moja moja, ya pili bila mfungaji wake, haiitwi laini na mtu aliyekuwa ameketi, na kwamba kofia ile ataivisha kichwa chochote kitakachoihitaji, hata cha Bwana Hegarty.

Jarida liliichapa yote. Majibu yalikuja kwa majuma matano. Mama mmoja wa Annandale aliandika kwamba ameikata barua ile na kuibandika kwenye friji ili wanawe wanne waione. Mtu ambaye hakuweka jina alimshauri Vaileth arudi kwenye michezo ya kwao. Vaileth alisoma zote mbili kwa sauti kwenye chumba cha chai cha nyumba ya wazee, na kwa ile ya pili akacheka zaidi.

Majira ya baridi kamati ilikutana tena. Sean Lally, yule golikipa wa zamani, ndiye aliyeleta hoja, na hoja ikapita wanne kwa mmoja: anayepigwa kichwani hatoki kwa hiari yake, anatolewa, na harudi kabla ya wiki tatu. Nuala Breen alimletea Vaileth kadi ya uanachama kazini, ndani ya bahasha. Hegarty hakuwahi kuomba radhi, na Vaileth hakuwahi kumngoja. Walisalimiana. Mechi zilipokuwa ngumu walisimama wakiwa na hatua mbili tatu kati yao, wakibishana bila kutazamana, na waliokuja mara ya kwanza walidhani ni mke na mume.

Kieran alirudi Aprili, kichwani helmeti ya buluu ambayo wenzake waliicheka mpaka wiki ya tatu, walipoanza kuulizana ilinunuliwa wapi. Mpira wake wa kwanza aliukosa kabisa. Wa pili aliuinua kwa ncha ya gongo, akauzungusha mkononi, akaupeleka juu ya mwamba kutoka mbali sana, upande wa kushoto, karibu na mstari. Vaileth alikuwa amesimama, na koo lake lilikuwa limekauka kwa kelele. Aliushika mkoba kifuani kwa mikono yote miwili, na alimtazama kijana akirudi mbio kwenye nafasi yake, akihesabu pointi za timu zote mbili kwa sauti, bila kukosea, ili nahodha amsikie.